Kurudi Katika Jeshi la Kwanza



Muhula huu katika Historia tulisoma habari za Vita vya Kagera. Mwenzetu mmoja akauliza: "Askari aliyehamishiwa jeshi jingine, kisha akarudishwa kule alikotoka, je, huyo hakurudi nyuma?" Darasa likacheka, kwa kuwa sisi ni watoto wa Songambele, na jina la kata yetu latuamuru twende mbele tu. Mimi sikucheka, maana babu yangu mzaa mama aliifanya safari hiyo. Jumamosi nikaenda kumwuliza.

Kwanza yafaa tujue mambo yalivyokuwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakakalia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1964, lilihitaji watu wengi zaidi kwa vita kubwa namna ile. Basi wakaongezwa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi, askari magereza, na mgambo wanaokadiriwa kufika 40,000. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Baadaye wengi walirudi katika kazi zao za kwanza: mgambo shambani, polisi vituoni.

Babu alikuwa polisi kijana. Alipewa sare ya jeshi, akaongoza kundi la watu tisa vitani. Vita ilipokwisha aliirudisha sare ile, akavaa tena ya polisi. Aliniambia: "Mjukuu wangu, kubadili nguo ni kazi ya dakika tano. Kuubadili mkono kulinichukua mwaka mzima."

Siku moja sokoni watu wawili waligombania mkungu wa ndizi. Babu akaingia kati kama aingiaye handaki la adui: akafoka, akamsukuma mmoja, akaanguka. Kumbe aliyeanguka ni mzee, tena ndiye mwenye ndizi. Mkubwa wake wa kazi, ambaye hakwenda vitani, alimwita kando, akamwagiza aziokote ndizi zile na kumwomba mzee radhi mbele ya watu. Babu asema moyo ulimchemka. Jana alikuwa akitoa amri, leo aamriwa kuokota ndizi! Lakini aliinama, akaziokota zote.

Hapo ndipo penye somo letu. Mwanajeshi hufundishwa kumshinda adui wa nchi. Polisi hufundishwa kumkamata raia mwenzake bila kumwumiza, na kumfikisha mbele ya hakimu, kwani huenda hana hatia. Kazi zote mbili zataka ushujaa, lakini azichanganyaye huziharibu zote mbili. Kwa hiyo arudiye hapana budi aache cheo na desturi za kule atokako, abaki na uvumilivu aliojifunza huko.

Mambo haya hayakutukia kwetu tu. Mwingereza T. E. Lawrence alikuwa kanali katika vita ya 1914–1918. Mwaka 1922 aliingia Jeshi la Anga kwa jina lisilo lake, katika cheo cha chini kabisa. Magazeti yakamfichua, akatolewa Januari 1923. Machi mwaka huo akaingia kikosi cha vifaru cha jeshi la nchi kavu, lakini moyo wake ulibaki kule kwa kwanza. Aliomba mara nyingi arudishwe, na Agosti 1925 akakubaliwa. Alitumika kama askari wa kawaida mpaka 1935.

Nami nina langu la kuungama. Mwaka huu niliacha masomo ya sayansi nikaingia ya sanaa, na sasa natamani kurudi. Nilikuwa nikiona haya, maana wenzangu wamenitangulia sura nne za Fizikia. Lakini babu alirudi polisi wala hakurudi nyuma. Jumatatu nitakwenda kwa mwalimu wa taaluma. Akinikubalia, nitakaa dawati la mwisho na kuwauliza walionitangulia, hata kama ni wadogo kwangu.

Maswali

1. Kwa nini polisi na mgambo waliingizwa vitani mwaka 1978?
2. Eleza tofauti ya kazi ya mwanajeshi na ya polisi.
3. Ungekuwa wewe babu, ungeziokota ndizi zile? Toa sababu.