Siku mbili kufuata Mto Athi

Swali: Mimi na mke wangu tunaishi Kitui mjini. Tungependa kuona mahali mto ulipokata mwamba, lakini tuna siku mbili tu. Tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, fuateni Mto Athi. Siku ya kwanza, shikeni barabara ya lami ya Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi. Njiani mtakatisha Yatta, ule mwinuko mrefu wa lava iliyoganda, wenye urefu wa karibu kilomita 290, na Athi unapita chini yake. Kisha endeleeni hadi Voi mlale.

Siku ya pili, ingieni Tsavo Mashariki mapema, muelekee Maporomoko ya Lugard. Hapo Athi umeshaungana na Mto Tsavo na kuitwa Galana. Maji yote yanabanwa kwenye ufa mwembamba wa mawe yenye mistari myeupe, ya kijivu na ya waridi, yaliyotobolewa mashimo ya mviringo na mkondo.

Chagueni Juni hadi Septemba, kabla ya mvua za Oktoba. Bebeni vitambulisho, kwani raia hulipa kiingilio nafuu, na lipeni kwa mtandao kabla ya kufika langoni. Jazeni mafuta na maji ya kunywa Voi.

Ufa huo unashawishi watu kuruka. Tafadhali msijaribu: mawe yanateleza, na mamba wamo mtoni.