Kuumia Kazini: Nani Atalipa Matibabu?

Somo letu la leo linamhusu mtu aliyeajiriwa akaumia akiwa kazini. Wengi wetu tunao ndugu au watoto waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, chai na miwa, au migodini na viwandani. Siku mmoja wao akiumia, habari huja nyumbani. Mara nyingi mbuzi ndiye anayeuzwa ili mgonjwa atibiwe. Je, hivyo ndivyo sheria inavyotaka? Hapana.

Mfano

Tuchukue mfano wa kijana anayefanya kazi kwenye korona, yaani ile mashine ya kuchakata mkonge. Siku moja mashine inamjeruhi mkono. Mnyapara anamwambia, "Nenda zahanati ukafungwe, kesho urudi kazini." Kijana anaogopa kufukuzwa, kwa hiyo anakwenda zahanati na kulipa fedha zake mwenyewe. Risiti anaitupa njiani. Hakuna aliyeandika kitu chochote.

Wiki ya tatu mkono unavimba. Hospitali ya wilaya inasema ni lazima apasuliwe katika hospitali ya mkoa. Karani anauliza, "Nani atalipa?" Kijana hana jibu. Anarudi kijijini kwa mjomba wake, ambaye alihitimu darasa la kisomo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huo mkono una nini?"

"Niliumia kazini. Sasa wanataka kunipasua na mimi sina kitu. Naona tuuze ile ng'ombe."

"Ngoja kwanza. Taarifa ya ajali uliandika?"

"Hapana mjomba. Mnyapara si aliniona?"

"Mnyapara kakuona kwa macho, lakini macho hayapelekwi ofisini. Ofisini inapelekwa karatasi. Kaa hapa tuandike."

Sheria inasemaje?

Zamani tulikuwa na sheria ya fidia iliyotoka wakati wa ukoloni. Mzigo wa kulipa ulikuwa juu ya kila mwajiri peke yake, na wafanyakazi wengi walipata kidogo au hawakupata kabisa. Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria mpya. Sheria hiyo ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi mwezi wa Julai 2015. Mfuko huu ni wa Tanzania Bara.

Kila mwezi mwajiri huchangia katika Mfuko. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja katika mshahara wake kwa ajili ya mchango huo. Mfanyakazi akiumia au akiugua kwa sababu ya kazi yake, Mfuko ndio unaolipa gharama za matibabu. Gharama hizo ni pamoja na daktari, dawa, kupasuliwa, kulazwa na hata viungo bandia.

Kibali cha matibabu ni nini?

Kibali ni ruhusa ya anayelipa. Matibabu makubwa, kama kupasuliwa mara ya pili au kuwekewa mguu wa bandia, yana gharama kubwa. Kabla ya kukubali kulipa, anayelipa hutaka kujua mambo matatu:

1. Je, mtu huyu aliumia kwa sababu ya kazi yake?
2. Je, matibabu haya yanahitajika kweli kwa jeraha hilo?
3. Je, bei yake ni ya haki?

Jibu la swali la kwanza liko katika taarifa ya ajali. Jibu la pili liko katika taarifa ya daktari. Jibu la tatu liko katika hesabu za hospitali. Karatasi moja ikikosekana, kibali huchelewa. Mara nyingi mgonjwa hudhani amenyimwa haki, kumbe faili lake lina pengo.

Lakini sikilizeni vizuri. Mtu anayetoka damu au aliyezimia hasubiri karatasi. Apelekwe kwanza kwenye hospitali iliyo karibu. Damu haisubiri muhuri. Karatasi zitafuata baadaye, ila zifuate upesi.

Hatua za kufuata

Kwanza, mwambie mwajiri wako mara tu unapoumia. Kama huwezi, mwenzako akusemee. Unaweza kusema kwa mdomo, lakini kuandika ni bora zaidi. Andika tarehe, saa, mahali, jinsi ulivyoumia na majina ya walioona. Baki na nakala yako.

Pili, mwajiri anatakiwa kuupa Mfuko taarifa ndani ya siku 7 tangu alipoarifiwa. Muulize kama amepeleka. Kumwuliza si utovu wa adabu.

Tatu, mwambie daktari wazi kwamba uliumia kazini, naye aandike hivyo. Wengine huficha na kusema walianguka nyumbani. Neno hilo moja likishaandikwa linaweza kuharibu madai yote.

Nne, tunza kila risiti na kila cheti, hata kile cha kupumzika. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kama ni ajali ya barabarani, tunza pia karatasi za polisi.

Tano, usikae na jeraha kimya. Ajali isipofikishwa kwenye Mfuko ndani ya miezi 12, haki ya kudai inaweza kupotea.

Sita, ukikataliwa, omba upewe sababu kwa maandishi. Unayo haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Chama cha wafanyakazi au ofisa wa kazi wa mkoa anaweza kukusaidia.

Hesabu kidogo

Mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake wa mwezi. Malipo hayo hayazidi miezi 24. Tuseme mshahara ni shilingi 300,000. Tunazidisha kwa 70, kisha tunagawa kwa 100. Jibu ni shilingi 210,000 kwa mwezi. Bila taarifa ya ajali, hata hizo hazipatikani.

Mwisho wa mfano wetu

Kijana na mjomba wake waliandika barua ya ukurasa mmoja. Muda ulikuwa bado, maana hata mwezi haujaisha tangu aumie. Kesho yake asubuhi waliipeleka kwa mwajiri, nakala moja ikapigwa muhuri na kurudi nao. Walipitia zahanati wakaomba maandishi ya siku ile ya kwanza. Yalikuwamo ndani ya daftari. Ng'ombe haikuuzwa wiki ile. Mkono ulipata nafasi ya kupona, na faili lilipata mwanzo.

Maneno mapya

Fidia: malipo kwa ajili ya hasara au maumivu.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa.
Nakala: karatasi ya pili inayofanana na ya kwanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kijana alikosea wapi? Mnyapara naye alikosea wapi?
2. Kwa nini mtu anayetoka damu hasubiri kibali?
3. Mshahara ukiwa shilingi 400,000, asilimia 70 ni shilingi ngapi?
4. Andika taarifa fupi ya ajali kama vile umeumia leo. Msomee mwenzako. Je, ameelewa lini, wapi na vipi?