Sakafu ya Nyumba Kando ya Ziwa

Palikuwa na mvuvi mmoja katika kisiwa cha Ukerewe, aliyejenga nyumba yake karibu na maji. Sakafu yake ilikuwa ya udongo uliopigwa. Wakati wa masika ililowa hata mikeka ikaoza; wakati wa kiangazi ikapasuka nyufa, na papasi wakakaa ndani yake. Mtoto wake mdogo akashikwa na homa ya papasi, akakaribia kufa. Alipopona, baba yake alikwenda kwa fundi mwashi, akamwuliza, "Fundi, maji hayakuingia mlangoni. Yametoka wapi?"

Fundi akajibu, "Yametoka chini, ndugu yangu. Udongo huyanyonya maji na kuyapandisha, kama utambi wa taa upandishavyo mafuta."

Mvuvi alitaka kutandika mbao, lakini fundi akamkataza: "Mbao zikikaa juu ya unyevu huoza, na mchwa huzila." Basi wakachagua saruji. Lakini fedha ya mvuvi, aliyoiweka ili anunue nyavu mpya, ilitosha chumba kimoja tu. Jirani zake wakamshauri atengeneze sebule, wageni wapate kuiona. Yeye akachagua chumba cha watoto; nazo nyavu kuukuu akazishona.

Kwanza walijaza kifusi, wakakishindilia, hata kikawa juu kuliko uwanja wa nje. Juu yake wakapanga mawe makubwa. Maana nafasi kati ya mawe ni pana, na maji hayawezi kupanda humo kama yapandavyo katika udongo. Kisha wakamwaga zege, unene wake inchi 4: saruji kipimo 1, mchanga vipimo 2, kokoto vipimo 4. Mchanga wa ziwa waliuosha, nao ukafaa. Lakini mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Mwisho wakapiga lipu laini isiyo na ufa.

Kwa muda wa siku 7 waliifunika majani na kuimwagia maji. Mvuvi akashangaa: "Tunataka sakafu kavu, mbona twailowesha?" Fundi akasema, "Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Huwa ngumu kwa kushikana na maji. Ikikauka upesi hupasuka, na papasi watarudi."

Lakini sakafu njema haiwezi kulishinda ziwa lenyewe. Mwaka 1961 mvua kubwa zilinyesha, na kufika mwaka 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 lilijaa tena, likaingia katika nyumba nyingi za kandokando. Kwa hiyo ajengaye na achague kwanza mahali pa juu, ndipo achague sakafu.

Maswali
1. Kwa nini mawe makubwa huwekwa chini ya zege?
2. Weka tonge la udongo mkavu katika sahani yenye maji kidogo. Baada ya saa 1, sehemu yake ya juu ikoje? Eleza sababu.
3. Je, mvuvi alichagua vema chumba? Toa sababu zako.