Malipo ya Anayefagia Mji

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:14–15, Yakobo 5:1–6

Jumapili tuliona jinsi Mungu alivyoagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua. Mungu anajua unga haungoji. Yakobo naye anatuonya kwamba mshahara ulioshikiliwa una sauti, na sauti hiyo imefika mbinguni.

Sasa tuje hapa kwetu. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024. Tulishangilia, na ni sawa. Lakini ukishuka matatu Uganda Road alfajiri, kuna mama ameshafika na ufagio wake. Jiji safi ni jasho lake. Je, analipwa nini?

1. Sheria ni mwanzo tu
Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Agizo la mishahara la Novemba 1, 2024 liliweka mfagiaji katika daraja la chini kabisa: jijini Nairobi, Sh16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Toa kodi, unga, nauli na karo, halafu uniambie kimebaki nini. Mshahara wa kumwezesha mtu kuishi ni ule unaolisha nyumba bila kukopa dukani kila wiki.

2. Mshahara hukatwa kwenye tenda
Nilisomea biashara, kwa hivyo hesabu hii naijua. Kampuni ikitafuta tenda ya usafi hushusha bei. Sabuni ina bei yake, mafuta ya lori yana bei yake. Kinachobaki kupunguzwa ni mshahara wa mama. Ndiyo maana serikali ya kaunti ina nguvu hapa: yeye ndiye mnunuzi. Anaweza kuandika kwenye mkataba kiwango cha mshahara, kukagua kama wafanyakazi wamelipwa, na kuilipa kampuni kwa wakati ili isipate kisingizio.

Jambo hili limefanyika kwingine. Mwaka wa 2001 makanisa, misikiti na vyama vya wafanyakazi mashariki mwa London viliungana kudai mshahara wa kutosha, wasafishaji wakiwa mstari wa mbele. Kufikia 2005 ofisi ya meya ilikuwa na kitengo cha kukokotoa kiwango hicho. Kanisa lilisema, na serikali ikasikia.

3. Tuanze nyumbani
Lakini tukiinyoshea kaunti kidole, vitatu vinatuelekea sisi. Mwaka jana tulinunua spika mpya. Malipo ya anayesafisha madhabahu hii hayakuguswa, tuliyaita “huduma.” Aliyetia sahihi ni mimi. Wapendwa, ile ni kazi, na nimeomba wazee tuipange upya kabla ya kununua kitu kingine.

Hatua za wiki hii
• Una msaidizi wa nyumbani? Mlipe tarehe mliyokubaliana, bila kukumbushwa.
• Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30. Hudhuria kikao cha wananchi, umuulize MCA wako: wafagiaji wametengewa nini?
• Cell group zijadili: ni nani anatufanyia kazi na tunamlipa chini ya tunavyoweza?

Maombi: Bwana, tusamehe pale tuliposifu usafi tukamsahau msafishaji. Tupe mikono ya haki. Kwa jina la Yesu, Amina.