JIMBO LA CATANDUANES NA MGOMBA WA KAMBA

Upande wa mashariki wa Visiwa vya Ufilipino, kuielekea bahari ya Pasifiki, kiko kisiwa kiitwacho Catanduanes. Waspania walivitawala visiwa hivyo hata mwaka 1898, ndipo Waamerika wakavitwaa. Catanduanes kilikuwa sehemu ya Albay. Mwaka 1945 kikafanywa jimbo peke yake, na mji wake mkuu ni Virac. Mwaka 2020 walihesabiwa watu zaidi ya 270,000, na lugha yao ni Kibikol.

Mali ya kisiwa ni abaka, jamaa ya mgomba tuujuao. Lakini faida yake si ndizi, bali ni shina. Mkulima hulikata, huyabandua maganda yake, huyapara kwa kisu hata zibaki nyuzi tupu, kisha huzianika. Nyuzi hizo haziozi upesi katika maji ya chumvi, kwa hiyo mabaharia walizipenda kwa kamba. Wajapani walipoiteka Ufilipino mwaka 1942, mkonge wa Tanganyika ulitakwa sana badala yake. Siku hizi abaka hufanywa pia karatasi ya noti na vifuko vya chai.

Adui wa zao hili ni tufani. Tarehe 1 Novemba 2020 tufani Goni iliingia nchi kavu huko Bato, upepo ukivuma kilomita 225 kwa saa, ikaangusha migomba mingi. Na mche mpya hungojewa kama miaka miwili kabla ya kukatwa.

Basi walimu na wawaulize wanafunzi: mwenye zao moja la kuuza, wala hana shamba la chakula, atakula nini miaka hiyo miwili?