SOMO LA IJUMAA: KULISHA MMEA NA KULISHA UDONGO



Baada ya swala mzee mmoja aliniuliza: «Sheikh, mwaka wa kwanza nilitia mbolea ya mfuko, nikavuna mahindi mengi. Mwaka wa nne mbolea ni ile ile, shamba ni lile lile, mavuno yameshuka. Je, nimerogwa?» Nikamjibu: Hapana, mzee wangu. Umelisha mmea, udongo umeulaza njaa.

Tuelewe vizuri. Mbolea ya mfuko ni chakula cha mmea. Inafanya kazi upesi, lakini mvua ikizidi, sehemu yake inateremka chini mizizi isikofika. Samadi, yaani mavi ya mbuzi, kuku na ng'ombe, pamoja na majani yaliyooza, inalisha udongo wenyewe. Ndiyo inayoleta ule weusi unaoshika maji na chakula. Udongo wa mfinyanzi unaweza kushika kidogo hata peke yake, mchanga hauwezi. Mwenye shamba la mchanga hapa Dilolo, weusi ule ukimwishia, mbolea yake inapita kama maji katika kikapu. Tena mbolea kama urea, ikitiwa peke yake miaka mingi, inazidisha uchachu wa udongo.

Mambo haya yamepimwa. Huko Kabete, karibu na Nairobi, wataalamu walianza mwaka 1976 kulima mahindi na maharagwe katika vipande mbalimbali: kimoja hakitiwi kitu, kingine mbolea ya mfuko, kingine samadi, kingine vyote viwili. Baada ya miaka 18 weusi ulikuwa umepungua kote, maana jembe linaula. Lakini ulipungua kidogo zaidi pale walipotia samadi na mbolea pamoja, na mabua yakarudishwa shambani.

Na huko Rothamsted, Uingereza, sehemu ya shamba la shayiri ilitiwa samadi kila mwaka tangu 1852 hadi 1871, kisha ikaachwa. Miaka zaidi ya 100 baadaye udongo wake bado ulikuwa bora kuliko wa jirani yake usiotiwa kitu. Walioibeba samadi ile walikwisha kufa zamani. Ndugu zangu, huo si mfano wa sadaka yenye kuendelea?

Sisemi mbolea ya mfuko ni haramu. Nasema isiende peke yake. Basi tufanye haya:

1. Tusichome mabua na majani. Majivu yanabaki, lakini kile kinachofanya weusi kinaondoka na moshi.

2. Samadi tuikusanye kivulini, tuifunike, tuiache ioze. Mavi mabichi ya kuku yanaunguza mimea.

3. Kule Kabete walitia tani 10 kwa hekta. Mwenye mbuzi watatu hazipati. Basi aanze na kipande cha karibu na nyumba, atie samadi katika mashimo ya kupandia, na mbolea kidogo isiyogusa mbegu.

4. Afanye hivyo kila mwaka. Msimu mmoja hautoshi.

Katika Suratul-A'raf, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametutajia ardhi nzuri na ardhi mbaya. Tujiulize: ardhi tuliyoikuta kwa wazee wetu, watoto wetu wataikuta ipi? Shamba ni amana, na amana inarudishwa.

Wabillahi tawfiq.