Bibi ametutoka, bado namlilia

*Bibi aliyenilea alifariki miezi minne iliyopita. Arobaini imepita, watu wamerudi makwao, lakini mimi nikisikia harufu ya iliki nalia. Khanga yake ya mwisho nimeikunja kabatini, sijaifua. Mume wangu anasema nimezidi. Je, nina tatizo?*
*Mjukuu, Tanga*

Pole sana, dada yangu. Unahofia kwamba huzuni yako imepita kiasi. Kwa ulivyoeleza, haijapita. Watu husema "alikuwa mzee, amekula chumvi nyingi", wakasahau kwamba wewe umefiwa na mlezi. Harufu nayo hufika upesi kwenye sehemu za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu, ndiyo maana iliki inakuliza kabla hujajiandaa.

Khanga iache hapo. Mwambie mumeo huhitaji kunyamazishwa, akae tu akusikilize. Kisha kaa na mama zako wadogo, uwarekodi kwenye simu wakisimulia habari zake: alivyokoroga unga wa vitumbua, alivyowagombeza. Fanya hivyo mapema, kwa sababu wanaomkumbuka akiwa kijana nao wanazeeka. Ukimtolea sadaka au kumsomea dua, mchukue na mwanao, kama unaye.

Shirika la Afya Duniani huihesabu huzuni kuwa ugonjwa ikidumu zaidi ya miezi 6, ikiwa kali na ikikwamisha shughuli zako. Lakini ukikosa usingizi siku nyingi, ukishindwa kula, nenda kituo cha afya sasa. Ukitamani kumfuata, mwambie mtu leo hii, akupeleke hospitali.